Gari la umeme halishiki likiteremka: namna ya kutafuta kasoro, kwa wenye magari wa Bukavu

Unatoka Kadutu asubuhi, unashuka kuelekea Ibanda. Jana jioni ukiinua mguu kwenye pedali ya mwendo gari lilijizuia lenyewe vizuri. Leo umeinua mguu na linazidi kukimbia, mpaka ukanyage breki kama mwenye gari la petroli. Ukifika kazini unapiga simu: "Fundi, breki ya umeme imekufa." Fundi asiyeyajua magari haya atakuambia ulete gari, na saa moja baadaye magurudumu yote manne yamefunguliwa yako chini. Anayeyajua atakuuliza kwanza: "Papa, betri ilikuwa asilimia ngapi?"

Mwongozo huu unafuata njia ya huyo wa pili. Unaanza na yale ambayo hayana gharama, kisha ya dola chache, na mwisho yale yanayohitaji gereji. Mifano mingi nimeitoa kwenye Nissan Leaf ya mitumba kutoka Japani, maana ni gari la umeme la bei ya chini na njia za kulichunguza kwa simu ni nyingi. Mwenye BYD, Hyundai au Tesla atafuata hatua zilezile, atatofautiana kwenye vitufe tu.

Kwanza ujue kinachofanyika chini ya kapo (boneti). Ukikanyaga pedali ya mwendo, betri inalisha moteri, moteri inazungusha magurudumu. Ukiinua mguu, kompyuta inageuza kazi: sasa magurudumu ndiyo yanazungusha moteri, moteri inakuwa jenereta, na umeme unapita kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme kati ya moteri na betri, kurudi betrini. Ule uzito unaouhisi gari likijivuta ni moteri inayokataa kuzungushwa bure. Kwenye magari mengi hata pedali ya breki yenyewe inaanza kwa kuomba msaada huo wa moteri, halafu padi, zile zinazobana diski, zinamalizia. Kwa hiyo kuna mnyororo: pedali na sensa zake, kompyuta ya breki, moteri na inveta, betri. Pete moja ikisita, kompyuta inafuta urejeshaji wa umeme na kuziachia padi kazi yote. Haikuulizi. Mara nyingi hata taa haiwashi, kwa sababu kwa hesabu zake hakuna kilichoharibika.

Kabla ya yote: padi na nyaya

Simama mahali tambarare, gari likiwa limewaka, ukanyage breki kwa nguvu na uishikilie. Pedali iwe ngumu na isizame polepole. Ikizama, au ikiwa taa nyekundu ya breki inawaka na breki ya mkono umeshaiachia, usishuke na gari hilo popote. Tatizo lako si la umeme unaorudi, ni la breki zenyewe, na kwa miteremko yetu hilo halisubiri kesho.

Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse, usizichomoe, usimruhusu kijana wa gereji azisogeze "kidogo tu" ili afikie kitu kingine. Betri ya Leaf ya kwanza ina takriban volti 360, na ikijaa inapita 390. Huo ni umeme mnyoofu (DC) unaoua. Hakuna hatua hata moja hapa chini inayohitaji kufungua kifuniko chenye nyaya hizo.

Hatua ya 1: Je, betri ina nafasi?

Hapa ndipo kesi nyingi za Bukavu zinapoishia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Betri iliyojaa haipokei. Leaf ya kwanza ina jozi 96 za seli zilizounganishwa kwa mfuatano, na gari likijaa kila jozi iko karibu volti 4.1. Ukisukuma umeme zaidi ndani, volti inapanda kupita kikomo ambacho seli inavumilia bila kuumia. Kompyuta inajua, ndiyo maana inafunga mlango. Kwa asilimia 100 unaweza kukosa urejeshaji kabisa. Kwenye 95 unapata kidogo, na urejeshaji unaongezeka kadiri betri inavyoshuka.

Sasa tazama maisha yetu. Kuran (umeme) ya SNEL, shirika la umeme la taifa, inaondoka mchana, inarudi usiku wakati hakuna anayejua itakaa saa ngapi. Kila mwenye gari anachomeka, analala. Hakuna anayeamka saa tisa usiku kuchomoa. Alfajiri gari liko 100, na kama nyumba yako iko juu, Kadutu au Bagira, kitu cha kwanza unachofanya ni kuteremka. Anayekaa chini kando ya ziwa, Nguba au Muhumba, anaanza siku kwa kupanda. Akifika juu ameshatumia asilimia kadhaa, na akirudi gari linashika vizuri. Ndiyo maana majirani wawili kazini, wenye Leaf za mwaka mmoja, wanabishana: mmoja anaapa gari lake ni zima, mwingine anaapa lake ni bovu, kumbe kinachowatofautisha ni kilima wanacholala.

Namna ya kuhakikisha: kwenye Leaf ya umbo la kwanza angalia kipimo cha nguvu kwenye dashibodi, ile safu ya vidoti. Vidoti vya upande wa kushoto ni vya umeme unaorudi. Nafasi ikiwepo, vinaonekana na duara mbili. Duara ya nje ikitoweka, gari linakuambia limejiwekea kikomo. Tesla inaonyesha mistari ya vidoti kwenye kipimo chake na ujumbe kwamba urejeshaji umepunguzwa. Ukiona hivyo na betri iko juu ya 90, huna kasoro.

Dawa ni kutojaza mpaka juu kwa safari za kila siku. Leaf za kwanza zina mahali kwenye menyu pa kuchagua kuchaji mpaka 80. Nyingine hazina, utatumia saa ya kuchaji, lakini kumbuka saa hiyo inafuata muda wa ukutani: delestaji (mgao wa umeme) ikikata katikati, muda wa kumaliza ukifika gari linaacha hata kama limepata nusu. Kwa hali ya hapa naona bora kuchaji jioni mapema kuran ikiwepo, na kuchomoa kabla ya kulala. Ukilazimika kujaza usiku kucha, basi asubuhi shuka ukijua mguu wako ndio wenye kazi.

Kujaza 100 mara mojamoja hakuna ubaya. Betri za fosfeti ya chuma, kama zile za BYD, hata zinahitaji kujazwa mara kwa mara ili kompyuta isipoteze hesabu ya asilimia. Ubaya ni kujaza 100 kila usiku, kisha kulilaumu gari kila asubuhi.

Kama betri iko 60 na gari bado haishiki, endelea.

Hatua ya 2: Nani alibadilisha modi?

Usicheke. Gari limeoshwa, mtoto amekaa kwenye usukani, kaka ameazima kwenda Bagira. Kitufe kimoja kinatosha.

Kwenye Leaf ya kuanzia mwisho wa 2012, ukiwa D, gia ya kwenda mbele, vuta tena kibonge cha gia kuelekea D na utaingia B, ambako gari linajizuia kwa nguvu zaidi. Ukizima na kuwasha, linarudi D lenyewe. Wengi hawajui hilo, wanadhani B waliyoiweka jana bado ipo. Kwenye Leaf za kwanza kabisa B haipo, na mvuto wa pili unakupa ECO, modi ya kubana umeme, ambayo nayo inaongeza urejeshaji kidogo. Leaf yenye umbo la pili, ya kuanzia 2017, ina swichi ya e-Pedal: ikiwashwa, kuinua mguu tu kunaweza kulisimamisha gari kabisa, na urejeshaji ukipungukiwa gari linakanyaga padi zake lenyewe. Kwa hiyo mwenye e-Pedal anaweza kuwa na tatizo na asilihisi, mpaka aone padi zinaisha mapema.

Hyundai nyingi zina visukumio viwili nyuma ya usukani vya kupandisha na kushusha kiwango, kuanzia 0. Kikiwa 0 gari linateleza tu, na ni rahisi kukigusa ukikata kona. BYD inaweka chaguo hilo kwenye skrini, kiwango cha kawaida na cha juu.

Kama skrini yako ni ya Kijapani, tumia kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri, na upige picha kila ukurasa kabla ya kubonyeza chochote. Utashukuru siku utakayotaka kurudi ulikotoka.

Neno kwa wenye Prius na mahibridi mengine, yenye injini na moteri pamoja: B yenu si hii. Kwenye Prius, B inatumia pia injini kuzuia gari na sehemu ya nguvu inapotea kama joto na kelele. Ni ya miteremko mirefu, si ya kutembelea mjini kutwa.

Na kwa wote: kuweka N (gia huru) kwenye mteremko ili "kuokoa umeme" ni kutupa umeme. Kwenye N hakuna kinachorudi, na unabaki na padi peke yake.

Hatua ya 3: Jaribio la mteremko mmoja

Hisia zinadanganya. Gari lenye mtu mmoja na gari lilelile lenye watu watano na magunia mawili ya mihogo halishuki sawa: nguvu ya kuzuia ya moteri ina kikomo, uzito umeongezeka. Kwenye mteremko mkali, gari likiwa limejaa abiria, urejeshaji unaweza kushikilia mwendo tu bila kuupunguza, na hilo ni kawaida.

Chagua kipande cha barabara kilichonyooka, cha lami, kikavu, kisicho na wapita njia wengi. Jumapili asubuhi mapema ndiyo saa yake. Kwa Bukavu sijui saa nyingine. Betri iwe kati ya 50 na 70, gari limeshatembea dakika kumi. Ingia kwenye alama fulani, mti au nguzo, ukiwa na kilomita 40 kwa saa, inua mguu, na uone mwendo uko ngapi ukifika alama ya pili. Fanya kwa D, rudia kwa B. Mguu uwe tayari juu ya breki muda wote.

Ikiwa B inazuia zaidi ya D na vidoti vya kushoto vinajaa, mfumo unafanya kazi. Rudi hatua ya 1, ukafikirie ratiba yako ya kuchaji. Ikiwa D na B hazina tofauti na hakuna kidoti kinachowaka, kompyuta imefunga urejeshaji kwa sababu fulani. Ikiwa urejeshaji unashika kisha unaachia, unashika kisha unaachia, angalia magurudumu, hatua ya 6. Kumbuka pia kwamba chini ya kilomita 10 kwa saa hivi magari mengi yasiyo na modi ya pedali moja yanaacha urejeshaji polepole. Usiliite hilo kasoro.

Hatua ya 4: Soma taa

Taa ya njano ya mfumo wa breki kwenye Leaf inahusu breki ya umeme na urejeshaji: gari bado linasimama, lakini pedali inaweza kuwa nzito zaidi au kuhisi tofauti. Nenda taratibu, usichukue mteremko mrefu. Taa nyekundu tumeshaizungumzia. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, pamoja na ya gari linaloteleza inaelekeza kwenye sensa za magurudumu. Kobe mdogo wa njano maana yake nguvu imepunguzwa, kwa kawaida betri iko chini sana au ina joto au baridi kupita kiasi.

Taa nyingi zikiwaka pamoja kama mti wa Noeli, usiogope bado. Nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Betri ndogo ya volti 12

Magari haya yana betri mbili. Ile kubwa inaendesha moteri, ile ndogo inalisha kompyuta zote, pamoja na ya breki. Ikichoka, kompyuta zinapata volti pungufu, zinatoa taarifa za uongo, na urejeshaji unazimwa kwa tahadhari. Mtu anakuja na hofu ya kununua inveta, kumbe ni betri ya dola chache.

Kipima volti cha bei ndogo kinatosha. Gari limezimwa saa kadhaa: 12.4 mpaka 12.7 ni nzuri, chini ya 12 ni mgonjwa. Liwashe mpaka liwe tayari kutembea: inapaswa kupanda kati ya 13 na 14.5, maana sasa betri kubwa inaichaji ndogo. Isipopanda, kifaa kinachofanya kazi hiyo au fyuzi yake vinahitaji fundi wa magari ya umeme. Angalia pia vichwa vya betri. Ute wa kijani au mweupe usafishe, nati ziwe zimekaza. Gari lililokaa bandarini na kwenye makasha kwa miezi, likasafiri kutoka Japani mpaka Dar es Salaam na kupandishwa juu huku, mara nyingi betri yake ndogo ilishakufa njiani na ikaamshwa tu kwa kuchajiwa. Mimi nikishika gari lililofika juzi, naanza hapa hata kabla ya hatua ya 1.

Hatua ya 6: Magurudumu, mashimo na pine (matairi)

Hili ndilo linalowatisha watu zaidi, na lina haki ya kutisha. Unashuka, umekanyaga breki kidogo, gari linajizuia. Gurudumu linaingia shimoni au linapita kwenye tope, na ghafla unahisi gari limeruka mbele, kana kwamba breki imeachia. Sekunde ndogo baadaye inashika tena.

Breki haijaachia. Gurudumu lililopoteza mgusano na barabara limepunguza mzunguko ghafla. Kompyuta ya ABS imeona hivyo, ikaamua kuna utelezi, ikakata urejeshaji kwenye magurudumu ya mbele na kukabidhi kazi kwa padi. Makabidhiano hayo ndiyo unayoyahisi. Gari linalofanya hivyo kwenye mashimo tu, na kwenye lami nzuri halifanyi, ni zima. Jibu la dereva ni kukanyaga zaidi na kwa uthabiti, wala si kuachia na kukanyaga upya. Na kabla ya kipande kibovu, punguza mwendo mapema kwa breki ukiwa bado kwenye sehemu nzuri. Barabara ya Essence kwenda Panzi msimu wa mvua inatosha kuwa shule.

Likifanya hivyo na kwenye lami kavu, kagua haya:

Pine. Ziwe za kipimo kimoja zote nne, na zimelika sawasawa angalau kwa kila ekseli. Mtu anapasua moja, ananunua ya mitumba yenye namba tofauti kidogo, gurudumu hilo linazunguka kwa kasi nyingine, na ABS inaishi ikidhani gari linateleza. Pima upepo, ujaze unaosomeka kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Sensa za magurudumu. Kila gurudumu lina moja, karibu na beringi, na waya mwembamba unaopita nyuma ya shoki. Tope letu likikauka linaushika waya, mawe yanaukata. Safisha kwa maji ya kawaida bila mkandamizo mkubwa, tazama waya uliochubuka au plagi iliyolegea. Beringi iliyolegea pia inachanganya sensa: inua gurudumu kwa jeki, gari likiwa tambarare na limezuiwa kwa mawe, shika juu na chini, lisukume. Likicheza, beringi au maungio yamechoka.

Hatua ya 7: Breki za kawaida zilizosahauliwa

Gari linalojizuia kwa moteri linatumia padi kidogo sana, na hilo ni zuri kwa mfuko, ila diski zinaota kutu na pini za kalipa, kile kinachoshika padi, zinakauka. Msimu wa mvua, gari likilala nje, asubuhi diski ni nyekundu. Matokeo ni mawili. La kwanza, padi moja inagandama na kuburuta. Ukisimama baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa: lenye joto kuliko wenzake ndilo linaloburuta. Hapo unapoteza umeme njia nzima na unadhani urejeshaji umepungua. La pili, siku betri imejaa na unazihitaji padi kweli, hazishiki sawa na gari linavuta upande.

Mwambie fundi atoe pini, azisafishe, aweke grisi ya breki inayovumilia joto, si grisi ya beringi. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hivi, hata kama gari limetembea kidogo, kwa sababu yanavuta unyevu. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa yake. Na mara moja kwa wiki, mahali salama, simamisha gari mara chache kwa kukanyaga vizuri, betri ikiwa imejaa, ili padi zisugue diski na kuondoa kutu.

Swichi ya pedali ya breki ni ndogo, lakini ikiharibika kompyuta haijui kama umekanyaga. Dalili: taa za nyuma haziwaki, au zinawaka muda wote. Mwambie mtu asimame nyuma aangalie. Ikiwa zinawaka bila mguu, swichi imesogea na gari linaweza kukataa mambo mengi, sio urejeshaji tu.

Hatua ya 8: Uliza kompyuta

Nunua kisomaji kidogo cha blututhi cha aina ya ELM327, ukichomeke kwenye tundu lililo chini ya usukani, na kwa Leaf weka programu ya LeafSpy kwenye simu. Nakala za bei rahisi kabisa nyingine haziunganiki au zinakatika katikati. Jaribu yako kwenye gari la rafiki kabla ya kulaumu gari lako.

Kwanza piga picha misimbo yote ya kasoro. Inayoanza na P ni ya mfumo wa nguvu, C ni breki na chasisi, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. U nyingi kwa pamoja mara nyingi zinakurudisha kwenye betri ndogo. Baada ya picha, na si kabla, futa, tembea, uone ipi inarudi. Inayorudi ndiyo ya leo. Zisizorudi ni historia.

Kisha tazama seli. Kila seli iko kwenye mfuatano uleule, kwa hiyo moja dhaifu inafunga mlango kwa wote: ukirejesha umeme, volti yake inaruka juu kabla ya wenzake, inagusa kikomo, na kompyuta inakataa hata kama kipimo kinasoma 75. Ukipanda, seli hiyohiyo ndiyo inayozama chini kabla ya wengine. Bukavu ni mahali pazuri pa kupima hilo bila mashine yoyote: barabara moja, panda, kisha shuka. Abiria ashike simu, dereva asiguse. Seli inayokuwa ya chini kabisa ukipanda na ya juu kabisa ukishuka ndiyo mgonjwa wako. Gari likiwa limesimama, tofauti ya milivolti chache ni kawaida. Ikikaribia au kupita 100, mimi naacha kutafuta mahali pengine.

Hii hutokea sana kwenye betri iliyorekebishwa kwa kuchanganya moduli za magari tofauti. Ukinunua Leaf na muuzaji anajisifu kwamba betri "imetengenezwa upya", fanya jaribio hili kabla ya kulipa.

Hatua ya 9: Joto, na njia ya Uvira

Ulaya wanalalamika kwamba baridi ya asubuhi inapunguza urejeshaji. Kwetu baridi haifiki huko, hata ukielekea Kahuzi. Kinachotukuta ni joto, hasa kwa wanaoshuka kwenda Uvira.

Ziwa Kivu, la Bukavu, liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, Tanganyika, la Uvira, karibu 770. Gari la kilo 1,600 likishuka tofauti hiyo lina nguvu ya takriban kilowati-saa 3 ya kutoa. Sehemu itaenda kwenye upepo na matairi, na ukirejesha 2 umefanya vizuri. Kwenye betri ya kilowati-saa 24 hiyo ni asilimia nane. Kwa hiyo hakikisha unafika juu ya mteremko wa Ngomo, kwenye njia hiyo, betri isiwe juu ya 85. Kwa kawaida milima ya kabla yake itakuwa imeshakula hiyo, lakini aliyechaji mahali karibu na kilele cha mlima asishangae. Shuka kwa B tangu juu, usisubiri padi zianze kunuka. Safari yenyewe inazidi kilomita 100, na Leaf ya 24 iliyozeeka haifiki bila mahali pa uhakika pa kuchaji.

Kurudi ndiko kugumu. Umetoka kwenye joto la bonde la Ruzizi, unapanda kwa nguvu, na betri ya Leaf za umbo la kwanza na la pili haina maji wala feni ya kuipoza. Vipimo vya joto vinapanda, na ukifika juu na kuanza vishuko vya kuingia mjini gari linakataa kurejesha. Simama kivulini, liache litulie. Hakuna spea itakayotibu hilo.

Inveta na moteri, tofauti na betri, zinapozwa kwa kulanti, maji maalumu ya kupoza. Gari likiwa limepoa, angalia chupa yake chini ya kapo. Ikiwa chini ya alama, tafuta panapovuja kabla ya kuongeza, na usiongeze maji ya bomba. Pampu ya umeme ikifa, inveta inapata joto na kupunguza kazi zote mbili, kusukuma na kurejesha.

Ukifika kwa fundi

Mpe karatasi: asilimia ya betri wakati wa tatizo, modi, matokeo ya mteremko kwa D na B, volti za betri ndogo likiwa limezimwa na likiwa limewaka, picha za misimbo, seli iliyoonekana dhaifu. Muulize kama ana glavu za volti kubwa na kama anajua plagi ya kukatia betri iko wapi kwenye gari lako. Asipojua, aishie kwenye pine, padi na betri ndogo, na hizo anaziweza.

Akimaliza kazi, rudi kwenye kipande kilekile cha barabara, betri kwenye asilimia ileile, mtu mmoja ndani, kilomita 40 kwenye alama ya kwanza. Kama mwendo kwenye alama ya pili haujabadilika, hujatengenezewa bado; onyesha namba zako za kwanza na za sasa kabla ya kulipa salio.